Pisini mpya ina kasoro: tafuta chanzo kabla ya kumfuata mkandarasi

Malalamiko kuhusu pisini (mabwawa ya kuogelea) mpya za Lubumbashi, iwe mtaa wa Golf au wa Bel-Air, yanafanana. Maji yanapungua usiku kucha, karo zinabanduka, sakafu ya pembeni inazama, pompi inanguruma bila kuvuta. Majibu ya mkandarasi nayo yanafanana: ni jua, ni umeme wa SNEL (kampuni ya umeme ya taifa), ni udongo wa kiwanja chako. Mara nyingine anasema kweli. Ndiyo maana kipimo kitangulie ugomvi. Dalili iliyopimwa na kuandikiwa tarehe ina nguvu kuliko kelele za wiki nzima, na mkandarasi mwaminifu mwenyewe ataifurahia, maana inampunguzia kubahatisha.

Dalili iwe ipi, mambo matatu hayabadiliki. Piga picha ukiweka rula au mita kando ya kasoro, ili ukubwa wake uonekane. Usikubali mafundi wapake simenti au silikoni juu ya kasoro kabla hujaipima, kwa sababu kiraka kinafuta ushahidi wako. Na usitoe maji yote ya pisini. Sababu ya hilo la tatu iko chini, kwenye nyufa, na ni nzito.

Mwili unasisimka ukigusa maji au ngazi ya chuma

Hapa hakuna cha kupima. Toa watu majini bila wao kushika ngazi wala ukingo wa chuma, kisha kata umeme kwenye disjonkta (kikata umeme) kuu ya nyumba, si kwenye swichi ya taa. Mtu akiwa amenaswa, usimshike kwa mkono: kata umeme kwanza. Ikishindikana, mvute kwa mti mkavu au kitu kingine kisichopitisha umeme, wewe ukiwa umesimama pakavu.

Chanzo cha kawaida ni taa ya ndani ya maji: maji yameingia kwenye kasha lake, au taa ilifungwa moja kwa moja kwenye volti 220. Taa ya pisini inatakiwa iwe ya volti 12, ikilishwa na transfoma ya usalama iliyo mbali na maji. Kinachofuata ni pompi isiyo na waya wa ardhini. Cha tatu ni vyuma vya zege, ngazi na pompi kutounganishwa pamoja na kupelekwa ardhini, hata kila kimoja kikabaki na umeme wake.

Laini ya pisini lazima iwe na disjonkta difarensieli ya miliampea 30, ile inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Kibonye chake cha majaribio kikibonyezwa, umeme ukatike papo hapo. Wenye jenereta wawe macho zaidi: jenereta nyingi ndogo haziunganishwi na ardhi, na hapo difarensieli inaweza isikatike hata kama hitilafu ipo. Pisini inayolindwa vizuri ikiwa kwenye SNEL inaweza kukosa kinga usiku wa delestaji (mgao wa umeme), jenereta ikiwaka.

Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye kipima ardhi. Usijaribu mwenyewe, na usiruhusu mtu kuoga hadi akuachie karatasi ya vipimo. Kwenye malalamiko, kasoro hii iandike ya kwanza, hata kama nyingine zinakuudhi zaidi.

Maji yanapungua

Anza na ndoo. Hakuna kipimo rahisi kuliko hiki, na hakuna kinachomaliza ubishi haraka kama hiki. Jaza ndoo maji ya pisini, iweke kwenye ngazi ya kwanza ndani ya maji na jiwe ndani yake isielee, mdomo wake ukibaki juu. Chora mstari wa maji ndani ya ndoo na mwingine kwenye ukuta wa pisini. Zima pompi, ngoja saa 24, pima mistari yote miwili. Rudia saa 24 nyingine pompi ikifanya kazi. Siku ya mvua haihesabiwi, wala siku ambayo watoto wameoga.

Ndoo inaonyesha kilichochukuliwa na jua na upepo. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hewa ya Lubumbashi ni kavu na ya moto, na milimita kadhaa kwa siku si ajabu. Kinachozidi ndoo ndicho kinachovuja. Chukua pisini ya mita 8 kwa 4: eneo lake ni mita za mraba 32, kwa hiyo kila sentimita inayopotea ni lita 320. Pisini ikishuka sentimita 2.5 na ndoo milimita 6, tofauti ni sentimita 1.9, yaani lita 608 kwa siku. Namba hiyo ndiyo ya kuandika. Ukiandika kwamba maji “yanapungua sana”, mkandarasi atapata pa kutokea.

Kisha linganisha siku mbili zile. Maji yakipungua zaidi pompi inapofanya kazi, shuku mabomba ya kurudisha maji, kwa sababu ndiyo yanayobeba msukumo. Yakipungua zaidi pompi ikiwa imezimwa, shuku bomba la kuvuta. Yakipungua sawasawa siku zote mbili, tatizo huwa kwenye mwili wa pisini au vitu vilivyopachikwa ukutani.

Baada ya hapo zima pompi, acha maji yashuke yenyewe, na uangalie yanasimama wapi:

- Yakisimama usawa wa mdomo wa skima, kile kidirisha kinachovuta majani, kiungo kati ya plastiki ya skima na zege kimeachia. Hii ndiyo kasoro inayoonekana mara nyingi kuliko zote. Fundi alipachika skima kwa simenti tupu bila gundi ya kuzuia maji.
- Yakisimama usawa wa taa, maji yanapita kwenye bomba la waya nyuma yake.
- Yakisimama usawa wa matundu ya kurudisha maji, kagua viungo vya matundu hayo.
- Yasiposimama, ni tundu la chini, au ufa wa sakafu, au mshono kati ya sakafu na ukuta. Yakikaribia nusu ya kina, acha kungoja na uanze kuyajaza.

Kuhakikisha, chukua sindano kubwa isiyo na ncha, vuta rangi ya chakula, na uiachie taratibu karibu na sehemu unayoishuku, maji yakiwa yametulia kabisa. Rangi ikinyooka na kuingia ukutani, umepata tundu. Piga video, kwa sababu picha tulivu haionyeshi mwendo.

Mabomba yaliyofukiwa hayajaribiwi kwa macho. Huzibwa ncha zote na kutiwa maji kwa msukumo, kisha geji inaangaliwa kama inashuka. Mkandarasi alipaswa kufanya hivyo kabla ya kufukia. Muulize karatasi ya jaribio hilo. Kama haipo, sema hivyo kwenye barua. Usimruhusu mtu ajaze mabomba hewa ya kompresa: bomba la PVC likipasuka kwa hewa linarusha vipande kama risasi.

Nyufa

Si kila ufa ni kesi. Mistari myembamba kama unywele, inayokwenda kila upande kama ramani, ni plasta iliyokauka haraka. Ni kazi ya haraka isiyopendeza, lakini pisini haitaanguka. Ufa wa kuogopa ni ule unaoingia kadi ya simu, au unaopita kwenye karo na plasta kwa mstari mmoja, au ambao upande wake mmoja umeinuka kuliko mwingine ukipitisha kucha. Ufa ulionyooka pale ukuta unapokutana na sakafu una hadithi yake: zege lilimwagwa siku mbili tofauti bila mkanda wa kuzuia maji kwenye mshono.

Weka alama ya kalamu kila mwisho wa ufa na tarehe kando. Sehemu iliyo juu ya maji, paka kipande cha plasta ya jasi kinachovuka ufa, unene wa milimita 5. Kikikatika ndani ya wiki chache, ufa bado unatembea, na kuuziba sasa ni kupoteza simenti.

Vyanzo, kuanzia kile cha kawaida: zege halikumwagiwa maji baada ya kumwagwa. Linahitaji unyevu siku 7 angalau, na kwenye kiangazi cha hapa, pamoja na upepo wa Agosti, uso wake unakauka kabla ya ndani kushika. Cha pili ni maji mengi kwenye mchanganyiko ili utiririke kwa urahisi. Cha tatu ni simenti kidogo: zege la pisini lisipungue kilo 350 za simenti kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Soma pia namba kwenye mfuko, kwa sababu simenti ya mifuko huja kwa kawaida kwa nguvu mbili, 32.5 na 42.5, na bei zake hazilingani. Linganisha devi (makadirio ya bei) na fakture (ankara). Cha nne ni vyuma kulala chini kabisa bila vipande vya kuviinua. Vinatakiwa kufunikwa na zege sentimita 5 hivi, la sivyo vinaota kutu, kutu inavimba na kusukuma zege nje. Madoa ya kutu yanayotoka ukutani ni dalili hiyo.

Cha mwisho, ambacho hapa Katanga hakifai kusahauliwa, ni kichuguu. Vichuguu vyetu vikubwa vinafika mita kadhaa, na kiwanja kikisawazishwa, shina la kichuguu linabaki chini likiwa udongo wa mfinyanzi wenye mashimo, kando ya udongo mwekundu mgumu. Pisini iliyolala nusu kwenye kimoja na nusu kwenye kingine itakatika katikati. Mkandarasi atasema udongo ni wako. Lakini ni yeye aliyechimba, yeye aliyeuona rangi ikibadilika, na ni kazi yake kusimamisha shimo na kukuambia. Majirani wanaokumbuka kichuguu kilipokuwa ni mashahidi wazuri. Picha za kiwanja kabla ya ujenzi ni bora zaidi.

Sasa lile la kutoa maji. Fundi akija kuangalia ufa, sentensi yake ya kwanza huwa: “Toeni maji tuone.” Kati ya Novemba na Aprili, kataa. Mvua zikishiba ardhini, maji hukusanyika chini ya pisini na kuisukuma juu. Sakafu ya zege ya sentimita 20 ina uzito wa karibu kilo 480 kwa mita ya mraba. Maji ya ardhini yakipanda nusu mita tu juu ya upande wake wa chini, yanaisukuma kwa kilo 500. Maji yaliyomo ndani ya pisini ndiyo yanayoishikilia. Ukiyatoa, sakafu inaweza kuinuka na kupasuka, au pisini nzima kutoka ardhini kama mtumbwi, na siku hiyo mkandarasi atakuwa na picha ya kosa lako.

Kama ni lazima itolewe maji, ngoja kiangazi. Chimba shimo la uchunguzi kando ya pisini, lishuke chini ya usawa wa sakafu yake, uone kama lina maji. Mhandisi asiye wa kampuni hiyo awepo. Na amri ya kutoa maji iwe kwenye karatasi yenye sahihi ya mkandarasi. Kwa ufa unaotembea au ulioinuka upande mmoja, hapa ndipo kazi yako inaishia: mwite mhandisi wa ujenzi.

Karo zinabanduka au zinalia tupu

Gonga karo moja moja kwa sarafu. Iliyoshika inatoa sauti ngumu, iliyoachia inatoa sauti ya mtungi mtupu. Weka alama ya chaki kwenye kila iliyo tupu na uhesabu: karo 14 tupu kati ya 60 za mstari wa maji ni taarifa, “karo nyingi” si taarifa.

Iliyodondoka, igeuze. Mgongo wake unasema nani alikosea. Ukiona madonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, fundi alibandika kwa madonge badala ya kusambaza gundi kwa mwiko wa meno. Nyuma ya karo ya pisini hapatakiwi nafasi tupu hata kidogo. Mgongo ukiwa safi kabisa, gundi ilikauka kabla ya karo kuwekwa, au karo ilikuwa na vumbi. Gundi ikiwa imetoka na plasta nzima, plasta ndiyo iliyoachia zege. Na gundi ikiwa laini na kusagika kwa kidole, ilikuwa ya karo za ndani ya nyumba. Weka karo hizo kwenye mfuko zenye tarehe, usizitupe.

Zikianguka zile za ukingoni tu, tazama kati ya jiwe la ukingo na sakafu ya nje. Panatakiwa nafasi iliyojazwa mpira laini, ili sakafu inapovimba kwa jua isisukume ukingo. Kwa kawaida utakuta simenti ngumu.

Haraka pia inaharibu. Zege linahitaji karibu siku 28 kabla ya karo, gundi na jwenti (kijazio cha kati ya karo) zinahitaji wiki kadhaa kabla ya maji, na pisini ijazwe polepole, isizidi sentimita 75 kwa siku. Iliyojazwa kwa lori la maji mchana mmoja ili izinduliwe Jumamosi italipa baadaye. Kama ni wewe uliyeshinikiza tarehe hiyo, kubali sehemu yako mapema, itajulikana tu.

Sakafu ya pembeni inazama

Karibu kila mara ni udongo uliorudishwa bila kushindiliwa. Unatakiwa kurudi kwa matabaka ya sentimita 20 hadi 30, kila tabaka likishindiliwa. Mvua ya kwanza inaonyesha ukweli. Lakini pima kwanza kwa ndoo: bomba linalovuja chini linazamisha sakafu vilevile, na kujenga upya juu ya bomba linalovuja ni kufanya kazi mara mbili.

Pompi inanguruma haivuti, au mchanga unarudi majini

Kuanzia rahisi: maji yako chini ya nusu ya mdomo wa skima, kikapu kimejaa majani, mpira wa kifuniko cha pompi umekauka au una mchanga, hivyo pompi inavuta hewa. Viputo vinavyotoka kwenye matundu ya kurudisha maji ni alama ya hewa hiyo. Safisha mpira, paka mafuta ya silikoni, funga kwa mkono.

Isipopona, fundi umeme apime volti kwenye pompi yenyewe ikifanya kazi, si kwenye kaunta (mita ya umeme) peke yake. Kaunta ikisoma 218 na pompi 190, waya ni mwembamba kwa umbali huo, na hilo ni la mkandarasi. Zote mbili zikisoma 190, ni umeme wa mtaa, na mkandarasi hana deni hapo, ingawa angeweza kuweka kifaa cha kukata volti zikishuka. Pompi iliyopandishwa juu ya usawa wa maji bila vali ya kuzuia maji kurudi itapoteza maji kila delestaji. Kasoro hiyo ni ya mchoro, si ya pompi.

Mchanga unaorudi pisini unamaanisha vichujio vidogo chini ya filta vimevunjika, mara nyingi kwa sababu mchanga ulimwagwa kwa nguvu bila kutia maji kwanza. Usigeuze mpini wa vali pompi ikizunguka. Ukifanya hivyo kasoro inakuwa yako.

Kagua pia tundu la chini. Kama ni moja tu na linavuta moja kwa moja kwenye pompi, au kifuniko chake kimetoka, zima pompi na usiruhusu mtoto majini. Mvuto wake unaweza kumshika mtu nywele au ngozi asitoke. Yanatakiwa mawili, moja mbali na lingine, yenye vifuniko vilivyofungwa kwa skrubu.

Maji ya kijani, ya maziwa au ya rangi ya chai

Hapa mkandarasi mara nyingi hana kosa. Kijani ni klorini kidogo na pompi iliyolala kwa kukosa umeme. Maziwa ni pH iliyopanda. Irudishe kati ya 7.2 na 7.6, klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Rangi ya chai inayotokea saa chache baada ya kutia klorini ni chuma kilichokuwa kwenye maji ya foraji (kisima cha kuchimbwa kwa mashine): yalitoka yakionekana safi, klorini ikakigeuza kutu. Malalamiko yana msingi tu kama pompi na filta ni ndogo kuliko mkataba ulivyosema.

Ukishajua ni kazi mbovu

Hakikisha unamlalamikia nani. Jina kwenye mkataba lilingane na lile la RCCM (rejista ya biashara), la kitambulisho cha kitaifa cha biashara na la namba ya kodi. Karatasi hizo hazithibitishi ufundi. Zinakupa mtu na anwani ya kupelekea barua.

Kama bado hamjasaini hati ya mapokezi ya kazi, usisaini bila kuandika kasoro zote humo. Kama mkataba uliacha asilimia 5 au 10 ya malipo hadi mapokezi ya mwisho, ishike, ila usizuie zaidi ya mkataba unavyoruhusu. Ibara ya 33 ya dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba inasema makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya, na hiyo inakubana wewe pia.

Barua iwe fupi, kwa Kifaransa ikiwezekana kwa sababu huenda ikafika mahakamani, na nakala moja irudi na sahihi ya mapokezi. Maudhui yake yawe hivi:

*Bwana Mkurugenzi, pisini mliyotukabidhi kwa mkataba wa tarehe fulani ina kasoro tatu. 1: laini ya umeme ya pisini haina difarensieli. 2: inapoteza lita 608 kwa siku zaidi ya ukaukaji, kwa kipimo cha ndoo cha siku mbili, rangi imeonekana ikiingia kwenye kiungo cha skima. 3: karo 14 kati ya 60 za mstari wa maji zinalia tupu. Tunawaomba mje kukagua pamoja nasi ndani ya siku 8, na mtupe kwa maandishi namna na muda wa kurekebisha. Hakuna sehemu itakayofunikwa kabla ya ukaguzi huo.*

Wakija, andikeni mliyoyaona na kila mmoja asaini. Wasipokuja, mwite isie, afisa wa mahakama, akague na kuandika hali ilivyo, na mhandisi huru aseme chanzo. Isie anaandika anachokiona, mhandisi anaeleza kwa nini, na mmoja hachukui nafasi ya mwingine. Kisha avokato (wakili) atume onyo rasmi lenye siku ya mwisho. Upatanishi kwa msaada wa mtu wa kati, ambao OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara) iliuwekea sheria mwaka 2017, unafaa pale kampuni bado ina mafundi na nia. Vinginevyo avokato ataangalia kama kesi ni ya Tribinali ya Biashara ya Lubumbashi au mahakama nyingine.

Ukilazimika kurekebisha mwenyewe kwa sababu ya hatari, kama umeme, fanya baada ya isie kuandika, hifadhi kifaa kilichotolewa, na weka fakture ya fundi mpya pamoja na ile ya zamani.